Ubao, Kupokezana na Uga: Istilahi za Mawasiliano na Michezo ya Maandishi ya Kompyuta

1. Chanzo cha makala haya

Mwalimu mmoja wa Chiola, wilayani Nachingwea, ametuletea swali ambalo mwanzoni tulidhani lingejibiwa kwa mistari miwili. Shule anayofundisha ilipewa kompyuta chache zilizokwisha kutumika mahali pengine. Intaneti haijawa ya kutegemewa darasani kwake, kwa hiyo mashine hizo zilitumika zaidi kuchapia mitihani. Siku moja, alipokuwa akipekua mafaili ya zamani katika mojawapo, alikuta mchezo usio na picha, rangi wala sauti. Kioo kilimweleza kwa maneno mahali aliposimama na vitu vilivyomzunguka, kisha kikamngoja aandike la kufanya. Alipoandika neno moja, kilimjibu. Alipoandika jingine, alijikuta mahali pengine. Jioni hiyo, asema, hakusahihisha daftari hata moja.

Mwalimu huyo aliona mara moja kwamba amepata chombo cha kufundishia kusoma na kuandika. Mwanafunzi asiyesoma kwa makini hawezi kusonga mbele katika mchezo wa namna hiyo, na asiyeandika neno kwa ukamilifu hajibiwi. Akaazimia kutunga mchezo kama huo kwa Kiswahili, na kuwaandalia wanafunzi maelezo mafupi juu ya asili yake. Katika kazi hiyo alitegemea kijitabu kimoja kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza. Humo alikuta "bodi ya taarifa" na "gereza la watumiaji wengi", akayanakili yalivyo. Mwanafunzi mmoja akauliza mwenyekiti wa bodi hiyo ni nani. Mwingine akataka kujua wale waliofungwa gerezani walikosa nini. Mwalimu alishindwa kuwajibu, akatuandikia: je, vitu hivi vina majina katika Kiswahili, au vilikufa kabla ya kupewa majina?

Katika orodha za istilahi tulizozipitia hatukuona majina hayo. Makala haya yanajaribu kuyatafuta. Tutaeleza kwanza dhana zenyewe, kwa kuwa istilahi haiwezi kuitangulia dhana. Kisha tutaonyesha sehemu ya Afrika Mashariki katika historia hiyo. Halafu tutatoa mapendekezo yetu na sababu zake.

2. Dhana zenyewe

Mnamo Januari 1978 theluji nyingi iliufunika mji wa Chicago nchini Marekani, hata watu wakashindwa kutoka nyumbani. Ward Christensen na Randy Suess, wanachama wa klabu ya wapenzi wa kompyuta, walitumia siku hizo kuanza kazi waliyokuwa wakiiwaza. Klabu yao ilikuwa na ubao wa kubandikia vikaratasi: huyu anauza kifaa, yule anaomba msaada, mwingine anatangaza mkutano. Walijiuliza kwa nini ubao huo usiwekwe ndani ya kompyuta, ili mtu ausome na kuuandikia kwa njia ya simu akiwa kwake. Tarehe 16 Februari 1978 ubao wao ulifunguliwa kwa watu wote, nao wakauita CBBS. Mifumo ya namna hiyo iliyofuata ilijulikana ulimwenguni kwa herufi BBS.

Utendaji wake ulikuwa rahisi. Mtu alikuwa na kompyuta na modemu, yaani kifaa kinachogeuza herufi za kompyuta kuwa sauti zinazoweza kupita katika waya wa simu, na kuzirudisha kuwa herufi upande wa pili. Alipiga namba ya simu ya ubao, akajitambulisha, akasoma yaliyobandikwa, akaacha yake, akakata simu. Kwa kuwa ubao wa kwanza ulikuwa na laini moja tu ya simu, aliyepiga wakati mwingine yumo ndani hakuweza kuingia; ilimbidi angoje. Kasi ya modemu za wakati huo ilikuwa biti 300 kwa sekunde, yaani takriban herufi 30. Ukurasa wa herufi 1,800 ulichukua dakika nzima kufika. Kwa kasi hiyo picha zilikuwa anasa isiyowezekana, na maandishi ndiyo yaliyobeba kila kitu.

Mwaka 1984 Tom Jennings wa San Francisco aliandika programu iliyoziwezesha mbao hizo kupigiana simu zenyewe usiku, wakati gharama ni ndogo, na kukabidhiana barua. Barua iliyoandikwa mji mmoja ilipita ubao hadi ubao mpaka ikafika mji mwingine. Mtandao huo uliitwa FidoNet. Ulipoenea duniani uligawanywa katika kanda, na Afrika ikapewa kanda namba 5.

Sambamba na mbao hizo ilikua michezo ya maandishi. Katikati ya miaka ya 1970 Will Crowther, mtaalamu wa kompyuta aliyekuwa pia mpenzi wa kuingia mapangoni, aliandika mchezo uitwao Adventure, uliofuata ramani ya sehemu ya pango la Mammoth katika jimbo la Kentucky. Mchezaji aliandika amri ya neno moja au mawili, na kompyuta ikamweleza yaliyotokea. Mwaka 1977 Don Woods wa Chuo Kikuu cha Stanford aliupanua, nao ukaenea. Mwaka 1978 Roy Trubshaw, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, alianza mchezo ambao watu kadhaa waliweza kuwamo kwa wakati mmoja, wakaonana, wakazungumza na kupigana, yote kwa maandishi. Mwenzake Richard Bartle aliuendeleza. Mchezo huo uliitwa MUD, na jina hilo likawa la jamii nzima ya michezo iliyouiga.

Hatimaye kulikuwa na michezo iliyowekwa ndani ya mbao zenyewe, kama Legend of the Red Dragon ulioandikwa na Seth Robinson mwaka 1989. Kwa kuwa laini ilikuwa moja na watu ni wengi, kila mchezaji alipewa idadi fulani ya hatua kwa siku. Akizimaliza aliondoka, akamwachia mwenzake, akarudi kesho kuona wenzake wamemfanyia nini usiku.

Katika miaka ya 1990 intaneti iliziondoa mbao nyingi kazini. Lakini katika miaka ya karibuni watu wameanza kuyatafuta mabaki yake. Programu ya kwanza ya Crowther, iliyodhaniwa kwa muda mrefu kuwa imepotea, ilipatikana katika nakala za akiba za mafaili ya Woods huko Stanford, na mwaka 2007 mtafiti Dennis Jerz akachapisha uchunguzi wake. Aliweza kulinganisha programu hiyo na pango lenyewe na kuonyesha sehemu ipi ni ya Crowther na ipi ni nyongeza ya Woods. Kazi hiyo isingewezekana kama mafaili hayo yasingehifadhiwa. Jambo hili ndilo linalotuhusu zaidi.

3. Sehemu yetu katika historia hiyo

Huenda msomaji akasema kwamba mambo haya ni ya Chicago na Essex, na kwamba hatuna haja ya kuyatafutia majina. Sivyo. Ni kweli kwamba mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini isipokuwa kwa kibali, na kwamba mbao za kwanza zilipofunguliwa huko, hapa kwetu kompyuta zilikuwa chache mno na simu zilikuwa za ofisi. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla intaneti haijafika, FidoNet ndiyo iliyokuwa njia ya barua za kompyuta kwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki.

Sababu yake ni ya kiufundi na kiuchumi. Intaneti ilihitaji laini iliyo wazi saa zote. FidoNet ilihitaji kompyuta ndogo, modemu, na laini ya simu ya kawaida, hata kama ni mbovu, kwa dakika chache za usiku. Laini ikikatika, mashine ilipiga tena. Katika mji wa Nairobi shirika la mazingira la ELCI lilikuwa kituo cha barua za asasi zisizo za kiserikali. Mradi wa ESANET uliunganisha vyuo vikuu vya Kenya, Uganda, Tanzania, Zambia na Zimbabwe. Huko Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa na kituo kilichojulikana kwa jina la MUKLA. Barua za kwenda ng'ambo zilipita katika lango la GreenNet mjini London.

Kwa Tanzania mfano ulio bora ni HealthNet, mtandao wa madaktari na watafiti wa afya ulioanzishwa na shirika la SatelLife la Marekani, ambalo mwasisi wake ni daktari wa moyo Bernard Lown. Kituo cha Tanzania kilikuwa Muhimbili, Dar es Salaam. Pamoja na simu, mtandao huo ulitumia setilaiti ndogo zinazoizunguka dunia kwa kimo cha takriban kilomita 800. Mojawapo, HealthSat-2, ilirushwa mwaka 1993. Setilaiti ilipopita juu ya Dar es Salaam, kituo kilikuwa na dakika chache tu za kuikabidhi barua na kupokea zilizobebwa. Kisha ilikwenda zake, ikazishusha barua ilipopita juu ya kituo kingine. Hivyo daktari wa Dar es Salaam aliweza kupata muhtasari wa majarida ya tiba ambayo maktaba haikuweza kuyanunua.

Intaneti kamili ilipowasili katikati ya miaka ya 1990, vituo hivi vilifungwa kimoja kimoja. Kumbukumbu zake zilibaki katika disketi, ambazo haziishi milele, na katika vichwa vya watu, ambao nao wanazeeka. Hapa ndipo ukosefu wa istilahi unapoleta hasara. Mtunza nyaraka anayepokea sanduku la disketi hizo hana neno la kuandika juu yake. Akiandika "intaneti", amesema lisilo kweli, na mtafiti wa kesho atapita bila kulifungua. Akiandika "bodi ya taarifa", sanduku litawekwa pamoja na mihutasari ya vikao. Mwanafunzi atakayefuata ataandika kwamba mawasiliano ya kompyuta nchini yalianza siku intaneti ilipofika, na kwamba kabla yake hapakuwa na kitu. Kazi ya watu waliokesha wakingoja simu ikubali itakuwa imefutwa kwa kosa la tafsiri.

4. Kuchagua maneno

Katika kuunda istilahi tumezoea kuanza na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho lugha za kigeni. Safari hii hatukulazimika kwenda mbali. Maneno mengi tuliyoyahitaji yalikwisha kuwapo. Yalikuwa yakifanya kazi mahali pengine.

(a) Ubao wa matangazo. Neno "bodi" lina kosa kubwa: katika Kiswahili ni kikundi cha watu walioteuliwa kusimamia jambo. Kwa wakazi wa Chiola, ambao korosho ni uchumi wao, neno hilo humkumbusha mtu Bodi ya Korosho kabla ya kitu kingine chochote. Kwa madereva bodi ni la gari. Lakini kila mmoja anaufahamu ubao wa matangazo uliopo nje ya ofisi ya kijiji: hubandikwa mapato na matumizi, bei za mnada, majina ya wanafunzi waliochaguliwa. Hubandikwa na mmoja, husomwa na wengi kwa nyakati tofauti, na msimamizi huondoa yaliyopitwa na wakati. Hiyo ndiyo dhana yenyewe, hata waasisi wa Chicago waliichukua kutoka ubao wa namna hiyo. Tunapendekeza "ubao wa simu" kwa mfumo mmoja, wingi wake "mbao za simu". Tumeongeza "simu" ili kuutenga na ubao wa ofisini na ubao wa darasani, na kwa kuwa simu ndiyo iliyokuwa njia pekee ya kuufikia.

(b) Mtunza ubao. Mwenye ubao aliamua nani aingie, nini kifutwe, na simu ilipiwe na nani. Wengine wamependekeza "mwendeshaji". Sisi twaona neno hilo linamfanya mtu huyo aonekane fundi wa mitambo tu, ilhali kazi yake ilikuwa kulea jamii. "Mtunza" lina mfano katika mtunza maktaba na mtunza hazina.

(c) Lakabu. Watu wengi waliingia katika mbao kwa majina ya kujitungia. Hakuna haja ya kuunda neno. Kiswahili kina "lakabu" tangu zamani, na kila timu ya mpira kijijini inazo.

(d) Mtandao wa kupokezana. Jambo linaloitofautisha FidoNet na intaneti ni kwamba barua ilikaa katika kituo mpaka saa ya kukabidhiwa kwa kituo kinachofuata. Kijitabu alichotumia mwalimu kimeandika "hifadhi na songesha mbele", tafsiri ya neno kwa neno isiyosema kitu kwa mtu asiyejua Kiingereza. Tumekumbuka mbio za kupokezana vijiti, ambazo kila mwanafunzi amezikimbia au amezishangilia. Kijiti hakiruki; hutoka mkono kwenda mkono. Barua ya FidoNet ilikwenda hivyo hivyo. Kila mahali pa kukabidhiana tunapendekeza paitwe "kituo".

(e) Pakua na pakia. Maneno haya yamekwisha kukubalika katika lugha ya kompyuta. Tunayataja ili kuonyesha kwamba yanafaa zaidi hapa kuliko katika intaneti ya leo. Asili yake ni kazi ya chombo bandarini: shehena hupakiwa, husafiri, hupakuliwa. Setilaiti ya HealthNet, ikipakia barua ilipopita na kuzipakua mbele ya safari, ilikuwa jahazi kwa kila hali.

(f) Hadithi ya kujibizana. Hili ni pendekezo letu kwa mchezo wa maandishi wa mtu mmoja, kama Adventure. "Mchezo wa matini" si kosa, lakini "matini" ni neno la wanataaluma, na halisemi kwamba mchezaji na mashine hupeana zamu. Kujibizana ndicho kiini chake.

(g) Uga. Neno hili limetupa kazi zaidi ya mengine yote. "Gereza la watumiaji wengi" ni tafsiri ya maneno ambayo herufi MUD hufupisha. Lakini mfasiri hakujua kwamba sehemu ya shimo la wafungwa katika jina hilo haikuhusu wafungwa hata huko Essex. Trubshaw aliichukua kutoka jina la toleo mojawapo la mchezo Zork, lililoitwa Dungeon. Kwa hiyo kilichotafsiriwa ni jina la mchezo mwingine. Dhana tunayoitaka ni mahali pa maandishi ambapo watu wengi huingia, hukutana, hutenda na hutoka. Tulifikiria "baraza", na kwa maana lingefaa sana, ila sentensi kama "Baraza limefungwa kwa kukosa wachezaji" ingetuletea maswali tusiyoyataka. Tulifikiria "pango", lakini michezo mingi ya namna hiyo haina pango. Tumechagua "uga", uwanja ulio wazi wa nyumba nyingi, wingi wake "nyuga". Tunakiri kwamba neno hili limekwisha kutumiwa kwa maana ya eneo la taaluma. Twaona muktadha utazitenga maana hizo mbili, na mahali pa shaka iandikwe "uga wa maandishi".

(h) Mchezo wa zamu. Ile michezo iliyokaa ndani ya ubao, ambayo kila mtu hupewa hatua zake za siku, tunapendekeza iitwe hivyo. Wacheza bao hawatahitaji maelezo zaidi.

5. Sarufi ya amri

Mwalimu alipoanza kutunga hadithi yake ya kujibizana, iliyomhusu mkulima anayepeleka korosho ghalani, alikumbana na matatizo ambayo waandishi wa Kiingereza hawakuyajua. Tunayaeleza kwa faida ya watakaomfuata.

Kwanza ni pande za dunia. Katika Kiingereza kila upande huandikwa kwa herufi moja, na mchezaji husafiri upesi. Katika Kiswahili kaskazini na kusini zote zinaanza kwa k, na mashariki na magharibi zote zinaanza kwa ma. Herufi moja haitoshi, wala mbili hazitoshi kwa jozi ya pili. Tunapendekeza vifupisho vya herufi tatu: kas, kus, mas, mag.

Pili ni kiambishi -ni cha mahali. Mchezaji ataandika "ingia ghalani", na programu inapaswa kukata -ni ili ilitambue ghala. Lakini ikikata bila kubagua, "kusini" itabaki "kusi", ambao ni upepo. Ni kweli kwamba jina la upande huo limetoka kwa upepo huo, lakini mkulima wa Chiola hapeleki korosho zake katika upepo. Majina ya pande yasikatwe.

Tatu ni ngeli, na hapa Kiswahili kina faida kubwa. Mchezaji wa Kiingereza akiandika kiwakilishi cha "kile kitu", mashine haina budi kukisia ni kipi kati ya vyote vilivyotajwa. Mchezaji wa Kiswahili akiandika "lichukue", mashine inajua kwamba si taa wala kisu. Ni gunia, au jiwe, au kitu kingine cha ngeli hiyo. "Kichukue" ni kisu, "ichukue" ni taa. Upatanisho wa kisarufi, ambao wageni huulalamikia, unapunguza kukisia.

Shaka iko katika "uchukue". Inaweza kuwa "uchukue mzigo huo", ambapo u- ni kitendwa. Au "wewe uchukue", ambapo u- ni mtenda. Kanuni inayotosha ni hii: kama jina linafuata, kama katika "uchukue taa", u- ni mtenda, kama hakuna jina linalofuata, u- ni kitu cha ngeli hiyo kilichotajwa mwisho. Katika "uchukue mzigo" uchambuzi wowote unaleta jibu lile lile. Kadhalika programu isisahihishe tahajia kwa haraka: "tupa taa" na "tupe taa" zinatofautiana kwa herufi moja, lakini ya kwanza inaitupa taa na ya pili inaiomba.

Nne ni jambo tulilojifunza kwa wanafunzi wenyewe. Walipokwama katika hadithi, walitafuta njia ya kukiri kushindwa. Mwalimu alikuwa ameweka amri "msaada", nao hawakuitumia. Mmoja aliandika "nakupa mji". Mashine haikuelewa, ila darasa zima lilielewa. Katika kutega vitendawili, walioshindwa hutoa mji, naye mtegaji huupokea kabla ya kufumbua. Mwalimu ameongeza amri hiyo: mashine huuliza mji gani, mwanafunzi huandika Lindi au Masasi, kisha hupewa jibu. Tunapendekeza "kutoa mji" iwe istilahi ya kuomba ufumbuzi katika michezo yote ya namna hii. Haikutungwa ofisini, na kwa sababu hiyo tuna matumaini kwamba itadumu.

6. Muhtasari wa mapendekezo

Ubao wa simu: kompyuta inayofikiwa kwa simu, ambamo watu husoma na kuacha matangazo, barua na mafaili.
Mtunza ubao: mtu anayeumiliki au kuusimamia ubao wa simu.
Lakabu: jina la kujitungia linalotumiwa katika ubao au uga.
Mtandao wa kupokezana: mtandao ambao vituo vyake hukabidhiana barua kwa saa maalumu, si kwa laini iliyo wazi daima.
Kituo: kompyuta mojawapo katika mtandao wa kupokezana.
Lango: kituo kinachounganisha mtandao mmoja na mwingine.
Hadithi ya kujibizana: mchezo wa maandishi wa mtu mmoja, unaoendeshwa kwa amri za maneno.
Uga (wa maandishi): mahali pa maandishi panapochezewa na watu wengi kwa wakati mmoja.
Mchezo wa zamu: mchezo wa ubao wa simu wenye hatua za kiasi maalumu kwa siku.
Kichanganuzi: sehemu ya programu inayochambua amri ya mchezaji.
Kutoa mji: kukiri kushindwa na kuomba ufumbuzi.

7. Hitimisho

Tumeulizwa na baadhi ya wenzetu kama si upotevu wa muda kuvipa majina vitu vilivyokwisha kuondoka, wakati vipya vinaingia kila siku bila majina. Jibu letu ni kwamba kitu kisichokuwa na jina hakiwezi kuorodheshwa, na kisichoorodheshwa hakiwezi kutafutwa. Isitoshe, hadithi ya kujibizana haijaondoka Chiola. Ndiyo kwanza imefika, na inasomwa katika mashine ambayo haihitaji mtandao wowote.

Wafasiri tunawaomba waache "bodi ya taarifa" na "gereza la watumiaji wengi" mara moja, hata kama mapendekezo yetu hayatawaridhisha. Watunza nyaraka tunawaomba wayajaribu maneno haya katika lebo zao na watueleze yanapokwama. Ombi letu kubwa ni kwa wale waliofanya kazi katika vituo vya kupokezana vya Muhimbili, Nairobi, Kampala na kwingineko katika miaka ya 1990. Mlikuwa na maneno yenu ya kila siku, ya kuiita barua iliyokwama na laini iliyokataa. Yaandikeni na mtuletee. Likipatikana miongoni mwake neno lililo bora kuliko letu, tutaliacha letu.

Mwalimu wa Chiola amekwisha kuipokea orodha hii. Anasema amefuta "bodi" katika maelezo yake na kuandika "ubao wa simu", na kwamba safari hii swali aliloulizwa lilikuwa: ubao huo ulisomwaje usiku, na taa iliwashwa na nani? Swali hilo, asema, aliweza kulijibu.